Mwalimu wa Maseno: Ukumbusho wa Marehemu Edward Carey Francis (1897–1966)



Kama ilivyo desturi ya Chama chetu, baada ya hesabu ya fedha na taarifa ya karo twatoa kurasa chache za habari za zamani, ili watoto wetu wasije wakadhani kwamba nchi hii ilianza siku waliyozaliwa wao. Safari hii kamati iliagiza iandikwe habari ya mwalimu. Kazi hiyo tuliipokea kwa furaha, lakini haikuwa nyepesi, kwa maana kabla hatujaandika hata mstari mmoja ulizuka ubishi barazani. Yafaa tuueleze ubishi huo kwanza, kwa kuwa ndio uliotuongoza katika yote tutakayoyasema.

Ilipotajwa kwamba habari itakuwa ya marehemu Bwana Edward Carey Francis, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya Maseno tangu mwaka wa 1928 hata 1940, mzee mmoja aliomba ruhusa akasimama. Alisema, "Wanangu, huyo twamjua, na sifa zake zimekwisha kuandikwa vitabuni. Lakini mimi nilifundishwa herufi chini ya mti, na mtu wa kwetu aliyekuja kwa miguu asiye na viatu. Mbona yeye haandikwi? Au mwalimu ni yule tu mwenye picha yake ukutani?" Wengi walimwitikia. Ndipo mzee wa pili akajibu kwa upole, "Ndugu yangu, usemalo ni kweli. Lakini huyo wa chini ya mti naye alifundishwa wapi?" Baraza likacheka, kisha likanyamaza, kwa sababu jibu lilijulikana na kila mtu.

Mwisho tulikata shauri hivi: habari ya Francis iandikwe, lakini iandikwe kweli tupu, pamoja na yale yasiyopendeza, na wale wasio na picha ukutani wasisahauliwe. Tumejitahidi kulishika agizo hilo.

MASENO KABLA YAKE

Sisi wa Awasi tumo katika tambarare ya Kano, kwenye njia iendayo Kericho. Maseno iko upande wa pili, kupita Ahero na Kisumu, juu kwenye miinuko ambako mstari wa ikweta hupita. Kwa mtoto wa Kano wa siku zile, ambaye hajui gari ila kwa kulitazama likipita, ilikuwa safari ya kuaga nyumbani hasa. Hata hivyo wazazi wengi wa Nyanza waliwatoa watoto wao waende huko, na wengine waliuza ng'ombe kwa ajili hiyo.

Shule ile ilianzishwa mwaka wa 1906 na wamisionari wa C.M.S., chini ya J. J. Willis, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Uganda. Wanafunzi wa mwanzo wengi walikuwa wana wa machifu na wa watu wakubwa. Wamisionari walidhani yatosha kuwafundisha vijana hao Neno la Mungu pamoja na kazi za mikono, lakini vijana wenyewe walikuwa na fikira nyingine. Katika mwaka wa 1908, shule ikiwa changa kabisa, wanafunzi waligoma. Walisema hawakutoka kwao ili waje kulima na kubeba matofali. Walikuja kujifunza kusoma na kuandika. Twalitaja jambo hili ili vijana wa leo wajue kwamba elimu haikumiminwa tu midomoni mwa babu zao kama uji. Waliitaka wenyewe, na waliidai.

Walikuwapo na wakubwa waliotambua jambo hilo mapema. Chifu Odera Akang'o wa Gem alipelekwa Uganda mwaka wa 1915, akaona jinsi Waganda walivyoendelea kwa elimu. Aliporudi hakulala. Alifungua shule, akawalazimisha watu wake kupeleka watoto, na mzazi aliyekaidi alikiona cha moto. Aliaga dunia mwaka wa 1919, lakini Gem ilikuwa imekwisha kuonja, nayo haikurudi nyuma tena.

Hata siasa ya kwetu ilizaliwa na walimu. Tarehe 23 Desemba, 1921, watu walikusanyika Lundha, Gem, wakaunda Chama cha Vijana wa Kavirondo, ambacho watu walikiita Piny Owacho, maana yake "nchi imesema". Mwenyekiti wake alikuwa Jonathan Okwiri, naye alikuwa mwalimu aliyesoma Maseno. Katibu alikuwa Benjamin Owuor Gumba, na mweka hazina Simeon Nyende. Walilalamika juu ya kodi ya nyumba, kipande na kambi za kazi za lazima, na juu ya nchi kugeuzwa koloni katika mwaka wa 1920. Wakaomba pia shule ya Serikali. Tazameni, enyi wanachama: katikati ya malalamiko ya kodi na kipande, watu wale hawakusahau kuomba shule.

Mwaka wa 1923 Arkidikoni W. E. Owen alikigeuza chama hicho kikawa Chama cha Ustawi cha Walipa Kodi wa Kavirondo. Wanachama waliahidi kuua panya, kuchimba vyoo, kupanda miti na kujiepusha na ulevi. Wako waliosema Arkidikoni aliupoza moto wa vijana kwa maji ya choo na panya. Wako waliosema aliwafundisha kwamba chama ni kazi, si maneno matupu. Sisi tulio katika chama cha ustawi hatuwezi kucheka habari hiyo, kwa maana sisi ni wajukuu wake.

MTU WA HESABU

Basi hiyo ndiyo nchi aliyoikuta Edward Carey Francis alipofika mwaka wa 1928. Haikuwa nchi ya watu waliolala wakingoja kuamshwa.

Yeye mwenyewe alizaliwa mwaka wa 1897 huko Hampstead, London. Katika vita vya kwanza vya dunia alikuwa afisa wa jeshi la mizinga. Vita vilipokwisha alisoma hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akafaulu kwa daraja la kwanza. Mwaka wa 1922 alichaguliwa kuwa mmoja wa wanazuoni wa Peterhouse, chuo kikongwe kuliko vyote vya Cambridge, akasimamia masomo ya hesabu hapo. Alikuwa amefika mahali ambapo wasomi wengi hupaota tu. Pamoja na J. E. Littlewood, mmoja wa mabingwa wakubwa wa hesabu wa Uingereza wa karne ile, aliandika kitabu cha mifano ya hesabu za mfululizo usio na mwisho. Kitabu kilitolewa mwaka wa 1928.

Angalieni mwaka huo. Ndio mwaka alioacha cheo chake, akapanda meli, akaja Maseno kuwafundisha wavulana hesabu za kujumlisha na kutoa. Rafiki zake wa Cambridge hawakuweza kufahamu. Mtu aliyekuwa akitafuta mwisho wa hesabu zisizo na mwisho, aende Afrika kufundisha sehemu na desimali? Lakini yeye alikuwa Mkristo wa kweli kwa namna yake, na aliamini kwamba ameitwa, naye hakuona kwamba ameshuka. Ualimu kwake haukuwa ngazi ya kupandia kwenda mahali pengine. Jambo hilo tuliweke moyoni, kwa maana tutalikuta tena mwishoni mwa maisha yake.

NIDHAMU YAKE

Alipokuwa Maseno shule ilipata jina. Alikuwa mtu wa saa. Kila kitu kilikuwa na wakati wake: kuamka, kusafisha bweni, kazi ya jembe, sala, masomo, mchezo. Mvulana aliyechelewa alijua kilichomngoja. Alitaka kitanda kitandikwe sawasawa, hesabu iandikwe kwa mstari ulionyoka, na jibu lithibitishwe. Kwake jibu sahihi lililopatikana kwa kubahatisha halikuwa jibu, kwa maana alitaka kuona njia iliyolileta.

Mpira wa miguu aliupenda sana. Hakusimama pembeni akipiga kelele kama mabwana wengine. Aliingia uwanjani na wavulana. Hapa Nyanza, ambako mpira ni kama chumvi katika chakula, jambo hilo lilimfungulia milango ambayo mahubiri peke yake yasingeifungua.

Hakuoa, wala hakuacha mtoto wa kumzaa. Maisha yake yalikuwa ya mtu asiyejijali, na wanafunzi wake hawakukosa kuliona hilo. Wazee wetu wana neno lao: mtu asiye na mtoto, jina lake hufa naye. Kwa Francis neno hilo lilishindwa, kwa sababu wanafunzi wake walilibeba jina lake kila walikokwenda, hata wale waliogombana naye.

MVUTANO

Na waliogombana naye walikuwapo. Hapa ndipo tunapotakiwa kusema kweli, kama baraza lilivyoagiza.

Francis aliwapenda Waafrika, lakini aliwapenda kama baba awapendavyo watoto wadogo, na watoto hukua. Aliamini kwamba yeye ajua lililo jema kwao. Siasa hakuipenda. Alitaka kwanza watu wajengwe tabia, kisha mambo mengine yatafuata kwa wakati wake. Lakini wakati huo ulikuwa wa kupimwa kwa saa ya nani? Hakuna atakayekubali kuambiwa angoje na mtu ambaye mwenyewe hangoji.

Jaramogi Oginga Odinga, aliyezaliwa mwaka wa 1911, alikuwa mwanafunzi wa Maseno katika siku za Francis. Baadaye alisoma Alliance na Makerere, akarudi Maseno kufundisha, hata akawa mkuu wa shule ya mifugo iliyokuwa hapo mpaka mwaka wa 1946. Katika kitabu chake cha maisha, kilichotoka mwaka wa 1967, amemwandika mwalimu wake, na asomaye huona mambo mawili yakienda pamoja, heshima na mvutano. Jaramogi alikataa kuwabatiza wanawe kwa majina ya kizungu. Alitaka waitwe kwa majina ya Kiluo. Kwa misheni ya siku zile jambo hilo lilikuwa uasi. Kwake lilikuwa swali jepesi tu: je, Mungu hawezi kumtambua mtoto akiitwa kwa jina la babu yake? Kijana aliyefundishwa kuthibitisha kila jibu alikuwa amemgeukia mwalimu wake, naye sasa alitaka mwalimu athibitishe la kwake.

Sisi hatuoni kwamba habari hiyo yamwaibisha Francis. Mwalimu ambaye wanafunzi wake wote humkubalia yote amefundisha kasuku. Lakini pia hatutasema kwamba kosa lake lilikuwa dogo. Kumnyima mtu jina lake ni kumnyima mlango wa nyumba yake, na misheni nyingi zilifanya hivyo kwa miaka mingi. Wako miongoni mwetu leo, tena watu wazima, wenye majina mawili, moja la ofisini na moja la nyumbani, nao wanajua ni lipi liitwalo msibani.

ALLIANCE NA HALI YA HATARI

Mwaka wa 1940 Francis aliondoka Maseno akaenda Kikuyu kuwa mwalimu mkuu wa Alliance, shule iliyofunguliwa mwaka wa 1926 kwa ushirika wa misheni za Kiprotestanti. Alimfuata G. A. Grieves, mwalimu mkuu wa kwanza. Huko alikaa miaka 22, hata 1962. Vijana wa Nyanza, wa Mlima Kenya, wa Pwani na wa Ukambani walilala bweni moja, wakala sahani moja, wakafanya mtihani ule ule wa Cambridge uliofanywa na watoto wa Uingereza. Francis hakukubali kamwe kwamba Mwafrika apewe mtihani mwepesi kwa sababu ya ngozi yake. Katika jambo hili alikuwa mbele ya wengi wa watu wake, na kazi yake iliwanyamazisha waliosema kwamba haiwezekani.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba, 1952. Francis aliipinga Mau Mau kwa nguvu zote, hilo halifichiki. Lakini pia hakufumba macho alipoona askari wa Serikali wakiwatesa watu wasio na hatia. Alisema waziwazi, naye alikuwa mzungu mwenye heshima, akijua kwamba wazungu wenzake watamwita msaliti. Watu wengi wa siku zile, weusi kwa weupe, walichagua upande mmoja wakaziba sikio la upande wa pili.

Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi mashuhuri aliyefariki mwaka wa 2025, aliingia Alliance mwaka wa 1955. Aliporudi nyumbani likizo ya kwanza alikuta kijiji chao kimebomolewa, watu wamehamishwa. Na kaka yake alikuwa msituni. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 2012 amesimulia miaka hiyo, jinsi shule ilivyokuwa kama boma la salama, huku nje ya uzio ni bunduki na kambi. Amemweleza Francis bila kumpaka mafuta na bila kumpaka matope. Kijana yule alipata kwa mwalimu wake ulinzi na elimu, na kwa wakati ule ule alifundishwa kuitazama dunia kwa macho ya Waingereza. Ilimchukua miaka mingi kuyatenganisha mawili hayo.

Mwaka wa 1963 nchi ilipopata uhuru, katika Serikali ya kwanza walikuwamo wengi waliopitia Maseno na Alliance. Kitendawili hicho wazee wetu hukipenda: yule aliyesema siasa ingoje ndiye aliyewafundisha wanasiasa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini aundaye mtumbwi hawezi kuuamuru uelekee wapi.

PUMWANI

Sasa twafikia sehemu ya maisha yake iliyotufanya tumchague yeye kwa ukumbusho huu.

Mwaka wa 1962 Francis alistaafu. Alikuwa na umri wa miaka 65 hivi, amekwisha kuiongoza shule mashuhuri kuliko zote za Waafrika katika Kenya, amepewa nishani na Malkia. Angeweza kurudi Uingereza akakae kando ya moto na vitabu vyake. Angeweza pia kukaa Nairobi na kualikwa karamuni na mawaziri waliokuwa wanafunzi wake. Hakufanya hayo. Alikwenda Pumwani, katika mitaa ya maskini ya Nairobi, akaomba kazi ya kufundisha katika shule ya sekondari ya hapo. Hakuwa mwalimu mkuu. Alikuwa mwalimu wa kawaida chini ya mkuu mwingine, akishika chaki kila asubuhi, akisahihisha madaftari ya watoto ambao wazazi wao walikuwa wachuuzi, vibarua na watu wasio na kazi.

Wengi wetu tumewaona watu waliokuwa wakubwa. Mtu aliyezoea kuitwa bwana mkuu hawezi kukaa kwenye kiti cha nyuma; akishuka cheo hata kwa daraja moja, husema amerogwa. Katika vyama vyetu wenyewe, mwenyekiti asipochaguliwa tena hukosa kuja mkutanoni mwaka mzima. Francis alitoka kwenye kiti cha mbele akaenda kwenye cha nyuma kwa hiari yake, na hakuna aliyemsikia akisema kwamba amepungukiwa. Alikwenda kufundisha hesabu, kama alivyofanya Maseno mwaka wa 1928, na kama alivyofanya siku zote.

Alifundisha hapo mpaka alipofariki, tarehe 27 Julai, 1966, akiwa na umri wa miaka 68. Umri huo si mrefu kwa kipimo cha wazee wa Kano, ambao tunao wenye miaka 90 na zaidi. Lakini miaka 38 ya kufundisha katika nchi hii, bila kukoma na bila kugeukia kazi nyingine yenye malipo makubwa, ni maisha marefu kwa kipimo cha kazi. Mwaka wa 1969 L. B. Greaves alitoa kitabu cha habari zake, nacho chasomwa mpaka leo na wanaotaka kujua zaidi.

WASIO NA PICHA UKUTANI

Turudi sasa kwa mzee wetu na swali lake.

Francis aliwafundisha mamia. Lakini hao mamia hawakuanzia kwake. Kabla mvulana hajafika Maseno alikuwa amekwisha kujua kusoma, na aliyemfundisha alikuwa japuonj wa kijijini, aliyesoma miaka michache tu, akarudi kwao na kibao, chaki na Injili. Alijenga darasa la udongo kwa mikono yake pamoja na wanakijiji. Mvua ikija na mto Nyando ukifurika, maji yaliingia darasani, naye aliwabeba wadogo begani. Malipo yake yalikuwa machache, na kodi ya nyumba ilimngoja kama ilivyowangoja wengine. Siku ya Jumapili alihubiri. Jumamosi alisuluhisha magomvi ya ndoa. Na jioni watu walimletea barua zao awasomee na awaandikie majibu. Mama aliyepelekewa barua na mwanawe kutoka mashamba ya chai ya Kericho au kutoka Nairobi hakuweza kumjibu ila kwa mkono wa mwalimu huyo. Siri za kijiji kizima zilipita katika kalamu yake, na alizishika.

Hao hawakuandikiwa vitabu na mtu yeyote. Wengine makaburi yao hayana hata jiwe. Wanafunzi wao ndio wazee wetu walioketi mbele, na kila mzee akifa, jina la mwalimu wake wa kwanza huzikwa pamoja naye kwa mara ya pili. Hili ndilo jambo lililotusumbua tulipokuwa tukiandika. Habari za Francis tulizipata pasipo taabu, kwa kuwa zimechapishwa. Habari za walimu wa Kano tulipoziuliza, tuliambiwa, "Ungekuja miaka kumi iliyopita, fulani angekueleza."

Kwa hiyo twamwambia mzee wetu kwamba swali lake ni la haki. Na twasema zaidi: kama Francis angalikuwapo barazani siku ile, twaamini angaliunga mkono upande wako. Aliyeacha Cambridge kwa ajili ya Maseno, na akaiacha Alliance akaenda Pumwani, alijua vizuri kwamba darasa la chini kabisa ndilo lishikalo nyumba. Ndiyo maana tumemwandika yeye, kwa sababu mwisho wa maisha yake watuelekeza kwa hao wengine.

MAOMBI YETU KWA WANACHAMA

Hatutaki ukumbusho huu uishie katika maneno. Kamati imekubali tuweke mbele yenu maombi matatu.

La kwanza, kila ukoo na kila mtaa ulete kwa katibu wa Chama jina la mtu wa kwanza aliyefundisha hapo, pamoja na miaka yake kama yajulikana, na mahali alipofundishia, hata kama ni chini ya mti ambao umekwisha kukatwa. Tutayaandika katika daftari moja la Chama. Msingoje kuyapata yote. Leteni mliyo nayo. Jina moja lenye mwaka mmoja ni bora kuliko hadithi ndefu isiyo na jina.

La pili, wako walimu wazee walio hai katika lokesheni zetu. Wengine macho yamekwisha, wengine hukaa peke yao kwa kuwa watoto wako mijini. Twaomba wanachama wawatembelee, wakiwa na kijana mwenye kalamu. Mpelekeeni mzee sukari na majani ya chai, kisha mwacheni aseme. Asiharakishwe. Akilisema neno lisilopendeza juu ya wamisionari, au juu ya chifu, au juu ya baba yako, liandikwe hivyo hivyo.

La tatu ni kwa vijana wetu waliomo vyuoni na maofisini. Msimcheke mwalimu wa shule ya msingi wa kijijini kwa sababu koti lake limechakaa. Karo ya Chama mliyosaidiwa ilitoka kwa watu waliofundishwa kusaini majina yao na mtu kama yeye.

Luo Union ilikuwa na neno lake, Riwruok e teko, umoja ndio nguvu. Nasi twaamini kwamba umoja usio na kumbukumbu hauna mizizi. Tunajua majina ya magavana waliotutawala, na mitaa iliitwa kwa majina yao. Tumjue basi na yule aliyetushika mkono kwa mara ya kwanza, akauongoza juu ya mchanga, tukaandika herufi a.

Marehemu Carey Francis apumzike kwa amani, na wale wote waliofundisha katika nchi hii, walioandikwa na wasioandikwa, wapumzike pamoja naye. Daftari la Chama limekwisha kununuliwa. Liko mezani kwa katibu, na ukurasa wake wa kwanza haujaandikwa kitu. Mzee aliyeuliza swali ameahidi kwamba ndiye atakayeleta jina la kwanza.